Mshono wa Mjomba Cheche

4 Februari

Mjomba Cheche,

Shikamoo. Najua ukiona mwandiko wangu utasema, "Huyu ana shida." Ni kweli ninayo, tena ya chuma. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza kama umepona mafua ukanijibu kwamba vijiti vya kuchomelea vimekwisha. Grainda ya kukatia vyuma imeshakula masikio yako. Basi tuandikiane tu, na barua zisafiri kwa basi ndani ya boksi moja na vyuma.

Shida yenyewe ni gari. Usicheke. Jirani yangu alikuwa na kigari kidogo kilichopinduka, akakichoka, nikakichukua. Nimeng'oa viti, zulia, redio na kila kitu kinachomfanya mtu astarehe. Nalitengeneza kwenye kibanda cha nyuma ninakotengenezea majokofu, kwa hiyo mteja akija kuchukua friji lake lazima aruke bomba la ekzosi. Gari hili haliingii barabarani. Ni la kukimbiza kwenye uwanja wa mbio, zile siku wanapofunguliwa geti watu wenye magari ya kujiundia, mtu anazunguka peke yake na kushindana na saa. Mbio ninazozitolea macho ni za Novemba.

Sasa sikiliza. Magurudumu ya mbele nataka yasimame mbali zaidi na bodi, gari lisilale kwenye kona. Mikono ya chini inayoyashika, ile iliyokuja na gari, ni mifupi, na mirefu haiuzwi popote. Ni ya kutengeneza. Nimelala chini ya gari nikakata kielelezo kwenye kadibodi la friji, na kila tundu nimeliwekea alama. Bomba na bushi, zile pete za chuma za kwenye ncha, zimo humu ndani. Kuchomelea najua kidogo, lakini mimi ni mtu wa baridi. Mabomba yangu ni ya shaba, membamba, hayabebi roho ya mtu. Mkono huu ukiachia kwenye kona, gurudumu linakwenda zake na mimi nakwenda zangu. Kazi hii simpi mtu mwingine.

Mpwa wako,
Fundi Baridi

*

20 Februari

Mpwa wangu mpenda kelele,

Marahaba. Nimecheka mpaka mkaza mjomba wako akaja na cherehani chake mkononi kuuliza kuna nini. Nikamwambia, yule mtoto aliyekuwa akilia tukimpandisha kwenye bembea sasa anataka kushindana na saa.

Mikono yako hiyo hapo, miwili, wa kulia na wa kushoto. Kielelezo chako ni kizuri ila kinanuka samaki, sijui hilo friji lilikuwa la nani. Nimekipigilia mezani, nikaweka vizuizi pande zote, bomba likakaa bila kutikisika. Unajua desturi yangu: kabla sijagusa kazi ya mtu, nachomelea kwanza kipande cha kujaribia, bomba lile lile, moto ule ule. Nikiridhika nacho nakiweka rafuni, ndipo naanza. Kipande chako kipo rafuni. Mshono umelala vizuri, magamba yamepangana.

Imechukua muda kuliko nilivyodhani. Taa za siku hizi ni dhaifu. Nimening'iniza ya pili karibu na uso na bado karakana ina ukungu. Nadhani ni moshi, nitafungua dirisha la nyuma.

Nikuambie kitu. Tangu yule fundi wa njia panda alete mashine yake mpya, watu wanapita hapa kwangu kuuliza njia ya kwenda kwake. Nilikuwa nakaa tu na kufagia mahali palipofagiliwa. Boksi lako lilipofika nilivaa ovaroli kabla sijanywa chai. Kwa hiyo asante, na kelele zako nakuombea zisikike mbali.

Niambie ilivyokaa. Usiniremberembe. Niambie kweli ilivyokaa.

Mjomba wako,
Cheche

*

1 Machi

Mkaza mjomba mpendwa,

Shikamoo mama. Barua hii nimeituma hapo kwenye darasa lako la ushonaji na si nyumbani, na utaona kwa nini. Nisingeweza kupiga simu, maana mjomba angekuuliza ni nani na anasema nini, na wewe uso wako hauwezi kuficha kitu.

Mikono imefika. Ukiitazama kwa mbali ni ya kuwekwa dirishani. Nilipoishika ndipo nikaona. Mshono umepita pembeni. Magamba yamepangana kweli, lakini nusu nzima ya duara haikugusa pale bomba linapokutana na bushi. Moto umetembea juu ya bomba peke yake. Nimeingiza ukucha, ukucha ukaingia. Mkono wa pili hivyo hivyo.

Mama, yule ni mtu aliyekuwa akichomelea huku akipiga soga na watu mlangoni, na hakosi. Analalamika kuhusu taa. Anaona sawasawa? Na nimjibu nini? Ameniuliza mara mbili ilivyokaa, ya pili kwa neno la "kweli", na mimi nimekaa hapa na kalamu siku ya tatu leo. Ninaogopa kumvunja moyo kuliko ninavyoogopa kona yoyote.

Mwanao,
Fundi Baridi

*

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Na mimi ni mtu wa mishono, umenieleza nikaelewa.

Haoni. Juzi aliingia darasani kwangu akalisalimia lile sanamu ninalolivalisha magauni, akaliuliza habari za watoto. Wanafunzi wakacheka, naye akacheka, akasema alikuwa anatania. Hakuwa anatania. Nikimtajia daktari wa macho ananiambia mimi ndiye niliyeanza kuvaa miwani, kwa hiyo nitangulie.

Lakini nikuombe kitu, na unisamehe kwa kukuomba. Kabla ya boksi lako alikuwa mtu wa kukaa na kutazama ukuta. Chakula anakigusa tu. Sasa anaimba wakati anaoga, wimbo ule mmoja anaoujua, na anaukosea. Mwambie imekaa vizuri. Usiifunge kwenye gari hata kwa mzaha, lakini mwambie imekaa. Halafu mpe kazi ndogondogo zisizobeba uzito wa mtu. Hayo macho niachie, nitamwendea polepole.

Hakuna mwingine anayempa kazi, kwa hiyo atamdhuru nani?

Mkaza mjomba wako

*

16 Machi

Mjomba Cheche,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, majokofu ya duka la nyama yalizima yote kwa pamoja na nikaitwa kabla damu haijafika barabarani.

Mikono imekaa utadhani ilizaliwa pale. Bolti ziliingia bila nyundo. Gari sasa limetanua miguu na linatazama watu kwa dharau.

Sasa nina kazi nyingine, nyepesi lakini za muhimu. Nataka kibao cha bati cha kufungia mita mbele ya dereva, kitasa cha gia, na kishikio cha chupa ya maji. Vielelezo vimo ndani. Usiharakishe.

Mpwa wako,
Fundi Baridi

*

3 Aprili

Mpwa wangu,

Kibao cha mita, sawa. Kitasa cha gia, haya. Lakini kishikio cha chupa ya maji! Unaunda gari la mbio au kibanda cha chai? Nimekitengeneza, kimo humo. Nasubiri siku utakayoniagiza kiango cha kofia.

Ila sikulaumu. Barua yako ya Machi nimeitembeza. Niliikunja nikaiweka mfukoni, na kila anayepita mlangoni kuuliza njia panda iko wapi namwambia, "Kaa kwanza." Naisoma kwa kichwa, maneno nimeyashika yote: bolti ziliingia bila nyundo.

Mwenye nyumba ya darasa la mkaza mjomba wako alikuwa mmoja wao. Anataka darasa lihamie chumba cha juu, kikubwa zaidi, chenye hewa, na ngazi iwe ya nje, ya chuma. Alikuwa anakwenda kwa yule wa njia panda. Nikamwambia, mikono yangu inashika gari linalokata kona kwa kasi, itashindwa kushika wanawake na vyerehani vyao? Akanipa kazi. Ngazi nzima! Nimeshakata vipandio vyote na vinalala ukutani vimepangana. Itasimama kabla mwezi huu haujaisha.

Nilikuwa na wasiwasi, nikuambie. Nilipokutumia ile mikono sikulala vizuri. Sasa nalala.

Mjomba wako,
Cheche

*

7 Aprili

Mwanangu,

Atakuwa amekwisha kukuandikia. Ngazi hiyo ni yangu. Ni mimi nitakayeipanda asubuhi, na wanafunzi wangu wote, na mmoja wao ana mimba kubwa.

Nimejaribu. Nilianza juzi tukila. Nikasema, "Baba, hivi huo mshono wa ngazi unauona vizuri?" Akatoa barua yako mfukoni akaiweka mezani katikati ya sahani. Nikamwongezea mboga. Mwanangu, mimi nimemsifia mume huyu kila alichotengeneza tangu tulipooana, hata kile kitanda kilichokuwa kinalia. Leo nikimwambia kazi ni mbaya atasema nimezoea vitambaa, ninajua nini kuhusu chuma.

Amekuamini wewe. Najua ni mimi niliyekutuma, na najua nakupa mzigo wangu uubebe. Lakini mwambie wewe. Tafadhali usichelewe.

Mkaza mjomba wako

*

14 Aprili

MJOMBA,

Naandika herufi kubwa ili uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Mikono uliyonitengenezea sikuifunga. Haijawahi kugusa gari. Niliposema imekaa utadhani ilizaliwa pale nilikudanganya.

Mmoja nimeukata kwa msumeno, katikati ya mshono, na vipande vyote viwili vimo ndani ya boksi hili. Huna haja ya kuvitazama. Pitisha kidole gumba pale bomba linapokutana na bushi. Kidole chako hakijawahi kukosea, kitakuambia chenyewe mambo ambayo mimi nilishindwa kukuambia.

Halafu sitisha kazi ya ngazi.

Nilikaa kimya kwa sababu nakupenda na nilikuona una furaha. Nilidhani kimya changu kinabaki humu kibandani kwangu. Sikufikiri kwamba utakibeba uende nacho kwa watu.

Boksi namkabidhi dereva wa basi mkononi, na nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote.

Mpwa wako

*

28 Aprili

Mpwa wangu,

Nimekaa siku kadhaa kabla ya kukuandikia kwa sababu maneno ya mwanzo yaliyonijia yasingefaa kupanda basi.

Kwanza nikuambie kosa lako la pili, ambalo hulijui. Barua uliiweka chini na vyuma juu. Nilifungua boksi nikaingiza mkono, nikakuta mkono wa gari umekuwa vipande viwili. Nikajua umekatika uwanjani. Nikajua wewe umekufa, na kwamba hiyo barua iliyo chini imeandikwa na mtu mwingine anayenitaarifu. Sikuisoma. Nilikaa sakafuni karakanani. Mkaza mjomba wako ndiye aliyeona mwandiko ni wako akapiga kelele, "Mzima! Huyu ni mzima, soma!" Kwa hiyo habari kwamba mimi ni kipofu nilizipokea kwa furaha. Sijui kama kuna fundi mwingine duniani aliyefurahi vile kuambiwa kazi yake ni takataka.

Furaha ilikwisha nilipopitisha kidole gumba. Nikainuka nikachukua kile kipande cha kujaribia rafuni, nikakifunga kwenye jiliwa, nikakipiga nyundo. Pigo la kwanza. Kilibanduka chote, na chini yake chuma kisafi, hata hakijaungua.

Ngazi ilikuwa imesimama tangu Jumamosi. Nilifika pale wanafunzi wameshabeba vyerehani vyao wanataka kuhamia juu. Nikakaa kwenye kipandio cha kwanza. Nikasema hapiti mtu. Wakadhani nimeugua, mmoja akaniletea maji. Mwenye nyumba akaja, akauliza, nikamwambia ngazi ni mbovu na aliyeitengeneza ni mimi, aende njia panda akamlete yule fundi na mashine yake. Nilikaa pale mpaka fundi akafika. Mtu niliyemsema vibaya mwaka mzima alipiga magoti, akatazama mishono yangu mmoja baada ya mwingine, na kila mbovu akauwekea alama ya chaki. Chaki ilikuwa nyingi. Kisha akaniambia, "Mzee, vipimo vyako viko sawa vyote, niachie moto tu." Kazi ilikuwa ya siku mbili na nilizikaa zote.

Wakati nimekaa pale mkaza mjomba wako alitoka mlangoni akanitazama. Hakuuliza kwa nini. Ndipo nikajua kwamba naye alijua.

Sasa kilichoniuma. Mshono mbaya haukuniuma, nimewahi kuchomelea mbaya kuliko huo nikiwa kijana, na mtu aliyenifundisha aliutupa barabarani mbele ya watu. Nililia, na kesho yake nilichomelea vizuri. Wewe nilikuuliza kweli. Nilikuuliza kwa sababu nilishaanza kujiogopa, na wewe ndiye niliyemchagua aniambie. Ukaniletea sifa, nami nikaziweka mfukoni nikaenda kuzijengea ngazi. Ulinihurumia kama mtu mgonjwa, na sikuwa nimekuomba huruma. Nina hasira na wewe na sitajifanya sina.

Karakana nimefunga. Daktari nakwenda Jumatatu, mkaza mjomba wako ametangulia kuvaa miwani yake na kusimama mlangoni.

Mjomba wako

*

6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma na sina la kujitetea. Hasira ni haki yako, ikae muda wowote inaotaka.

Daktari amesemaje?

Mpwa wako

*

30 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, ya ile barua ya Mei na ya zile nyingine mbili ambazo sikujibu. Sikujibu ya kwanza kwa sababu ya hasira na hizo mbili kwa sababu ya bandeji.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wamelisafisha moja, wakasubiri, wakasafisha la pili. Siku walipofungua bandeji kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa mkaza mjomba wako, na nikafanya kosa la kumwambia amezeeka. Amenijibu kwamba wakati mimi sioni yeye alikuwa hajioni pia, kwa hiyo tugawane. Karakana yangu ni chafu ajabu! Kumbe nilikuwa nafagia katikati tu, pembe zote zimejaa.

Nilifanya mazoezi kwanza. Yule fundi wa njia panda alikuwa ananipitia jioni akimaliza kazi zake, anakagua vipande vyangu na kuvipiga nyundo mwenyewe. Hana adabu kabisa. Kikibanduka anacheka. Nimempenda.

Halafu nilichukua kadibodi lako, ambalo bado linanuka, nikakutengenezea upya. Ndani ya boksi hili kuna mikono mitatu. Najua gari lina magurudumu mawili tu ya mbele. Mitatu nimeichomelea siku moja, moto mmoja, na sikuweka alama ipi ni ipi. Chagua mmoja uukate, wowote utakaoushika kwanza. Ukate katikati ya mshono, uupige tupa usafike, utazame ndani. Halafu uniandikie ulichokiona.

Usimwandikie mkaza mjomba wako. Niandikie mimi.

Mjomba wako,
Cheche

*

11 Septemba

Mjomba Cheche,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka mteja aliyekuja kuchukua friji ameniuliza kama nimeshinda kitu. Umeandika herufi ndogo! Nimeisoma mara ya pili nikizitazama herufi tu.

Nimefunga macho nikachukua mmoja, nikaukata. Upande wa nje chuma kimeshikana mpaka ndani, sioni bomba linaishia wapi na bushi inaanzia wapi. Ukucha hauingii popote. Upande wa ndani pia umeshika, robo tatu ya duara.

Robo iliyobaki, pale unapomalizia mshono na kuinua kijiti, kuna tundu la hewa. Ni dogo, kichwa cha pini, limejificha chini ya magamba na kwa juu halionekani. Nilikata kidogo zaidi, nikakuta la pili nyuma yake. Nafikiri unainua kijiti mapema mno, kabla chuma hakijajaa. Na kwa kuwa mitatu umeichomelea moto mmoja, siwezi kuamini kwamba ile miwili haina.

Nilikaa nayo kibandani, nikaishika. Gari limekamilika, Mjomba, limebaki hilo tu, na Novemba imekaribia. Nilijua ukisoma maneno haya utakunja uso, na nilijua pia kwamba nikikuandikia "iko safi" nitakuwa na mikono mizuri kuliko ya gari lolote pale uwanjani.

Siifungi. Nimeirudisha yote mitatu ndani ya boksi, na barua nimeiweka juu. Tengeneza mingine. Novemba ikinipita, nitakimbia mwakani.

Mpwa wako,
Fundi Baridi